Pua ya Gatien Hervouet

Homa ya Januari ilipomwacha, baba yangu mdogo Gatien Hervouet alikata kitunguu jikoni, akakinusa, akakiweka chini. Akachukua jibini la mbuzi. Hakusikia harufu yoyote. Alikuwa na miaka sitini na minane, na hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, Odile, aliyekuja kunisimulia baadaye sana.

Huku kwetu, kusini mwa Nantes, mvinyo mweupe tunaulaza juu ya mashapo yake, ile chachu inayotuama chini ya tangi, majira yote ya baridi. Hatuuhamishi kwenda tangi jingine. Mashapo ndiyo yanayoupa ule ukavu wenye chumvi kwa mbali, unaofaa kunywewa na chaza, kome, au samaki wa mtoni kwa mchuzi wa siagi. Ukiuhamisha kabla ya kuutia kwenye chupa, huna tena haki ya kuandika kwenye lebo kwamba ulilala juu ya mashapo. Lakini mashapo nayo huweza kuoza. Ndiyo maana mtu hunusa kila tangi, kila wiki, na akisikia harufu ya yai viza huuhamisha siku hiyohiyo, apoteze jina hilo lakini aokoe mvinyo. Kwa miaka arobaini mtu huyo alikuwa Gatien. Hata majirani walimletea wa kwao anuse.

"Mwambie Yvonnick," Odile alimsihi. Yvonnick ni mdogo wake Gatien. Shamba ni lao wote wawili.

"Nimwambie nini? Kwamba nimekuwa gogo? Itarudi tu."

"Basi niachie mimi ninuse."

"Wewe? Wewe unayemwagia siki kila kitu?"

Akaendelea kushuka ghalani kila Jumatatu, akainama juu ya mdomo wa tangi, akafumba macho kama zamani, akatoka akisema, "Umelala vizuri." Odile alimfuata mara mbili. Mara ya tatu Gatien alijifungia kwa ndani.

Jumapili ya Pasaka tulikula kwao. Gatien ndiye aliyefungua chaza, kama kawaida yake, kila chaza akimpitisha puani mwake kabla ya kumweka sahanini. Mimi nilikaa mkabala naye, na harufu ilinifikia kwanza. Kisha ikamfikia Yvonnick.

"Kaka, huyo amekufa! Mtupe!"

"Amekufa wapi? Mzima huyu."

"Ananuka mpaka huku, bwana! Shemeji, mwambie mumeo pua kaisahau kanisani."

Tulicheka. Odile hakucheka. Gatien alitutazama mmoja mmoja, akamwinua yule chaza, akammeza, akashushia na mvinyo.

"Mzima," akasema. "Tena mtamu."

Yvonnick aliinuka, akashuka ghalani, akarudi na glasi aliyoijaza mvinyo wa tangi kubwa. Akaiweka mezani, kati ya mikate na siagi. Hatukuhitaji kuinama ili kusikia yai viza.

"Tangu lini?" akauliza.

Gatien alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Tangu Januari," Odile akamjibia.

Chaza yule alimlaza Gatien hospitali siku nne. Katika siku hizo lori lilikuja kuchukua mvinyo wa tangi kubwa, mavuno karibu yote ya mwaka, ukachemshwe uwe spiriti. Wiki sita nyuma ungeokolewa kwa kuhamishwa tu. Yvonnick hakumgombeza kaka yake hata mara moja. Nadhani Gatien angependa agombezwe. Majirani nao hawakumtania, ila walikoma kuleta glasi zao mlangoni.

Odile ndiye anayenusa matangi sasa, na ana pua nzuri; jambo hilo halisemwi mbele ya mumewe. Mwezi uliopita nilikula nao kome. Odile alimimina mvinyo, na Gatien akaizungusha glasi kwa muda mrefu, bila kuipeleka puani.

"Huu unanukaje?" akauliza.

"Unanuka kama mvinyo, mume wangu. Kunywa."