Nimepokea kwa Mjomba Sadallah

Mwinjuma bin Mfaume hakupata kuwa karani, na mama yake aliuhesabu huo kuwa msiba mpaka akaingia kaburini. Watu waliomjua uzeeni, mkata boriti wa Nyamisati mwenye viganja vigumu kama gome la mkoko, wasingeamini kwamba mzee huyo aliwahi kuwa na hati nzuri kuliko wote katika skuli ya serikali ya Mohoro. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na hati hiyohiyo nusura imtie mtu kitanzi. Ni mwaka ule Wamatumbi walipong'oa pamba ya Mdachi.

Alikuwa kijana aliyekwisha hitimu Kurani chuoni ndipo mama yake, Mwanahawa, akampeleka kwa Mdachi atafute ukarani. Skuli ilikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Muhidini, mtu wa Tanga, mwembamba, mkali kama pilipili. Huyu alikuwa na desturi aliyoitoa chuoni akaiingiza skuli. Chuoni hadithi ya Mtume haisomwi hivihivi; unaanza na aliyekupa: nimepokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Basi mwanafunzi wa Muhidini akiandika habari za nchi, lazima chini yake aandike kapokea kwa nani, na mtu huyo ni wa wapi. Mwenzao Bashiru aliwahi kuandika "watu husema." Loo! Mwalimu alimrushia karatasi usoni.

"Watu ndio nani? Wana baba? Wana mama? Nenda kawaulize majina yao!"

Darasa zima lilicheka. Mwinjuma naye alicheka, lakini moyoni aliogopa. Zamu yake ilipofika aliandika habari iliyokuwa ikinong'onwa kila kona msimu ule: dawa ya maji ya Ngarambe, jinsi watu walivyokwenda makundi kwa makundi kwa mganga, wakanyunyiziwa, na ati risasi za Mdachi zitageuka maji. Habari tamu hiyo! Aliiokota sokoni kwa wapagazi waliotua mizigo wakinywa uji, kipande huku, kipande kule. Majina hakuuliza. Nani amuulize mpagazi jina? Sasa chini ya karatasi palikuwa patupu, na Mwalimu atauliza watu ndio nani.

Akafanya ujanja. Akatafuta jina lenye uzito, akaliona la mjomba wake, kaka wa mama yake, mkata boriti, mtu wa swala tano ambaye neno lake halirudishwi. Akaandika kwa wino mweusi, herufi zimelala vizuri: *Nimepokea kwa mjomba wangu Sadallah wa Nyamisati, aliyefika Ngarambe akaona kwa macho yake.* Mwalimu akamsifu mbele ya wenzake. Karatasi ikapelekwa bomani kama ilivyokuwa ada, bwana mkubwa apate kusoma habari za raia wake. Mwinjuma alirudi nyumbani kifua mbele, maskini, hajui alichokifanya.

Haukupita muda, nchi ikawaka. Ikaja habari kwamba milimani pamba imeng'olewa na maduka yamechomwa. Mohoro ikajaa askari. Wakawa wanaleta watu kutoka vijijini, minyororo shingoni, na wengine hawakurudi kwao. Walinyongwa, na wapita njia wakalazimishwa kutazama. Ukitaja Ngarambe, mwenzako anatazama nyuma kisha anaondoka bila ya kuaga.

Asubuhi moja Mwanahawa alirudi kutoka kisimani bila ya mtungi wake.

"Kaka yangu!" alipiga ukelele tangu uani. "Wamemchukua Sadallah! Ati kaenda kwa mganga! Ati kuna mtu kamwandika kwenye karatasi!"

Mwinjuma alikuwa anakula kiporo cha muhogo. Alilirudisha tonge sahanini.

"Nani kamwandika, mama?"

"Ningemjua, saa hii ningekuwa hapa? Mungu aupooze mkono wake! Aupooze, asipate hata kujilisha!"

Kijana aliuficha mkono wa kulia chini ya mkeka, kama mama yake angeweza kuusoma. Kisha akatoka. Nafsi ikamwambia kimbia, ingia mikokoni kule mto unakoingia baharini, visiwa vyote vile, askari gani atakuona? Akaanza kwenda upande wa mto, wallahi, alianza. Lakini kila akitupa hatua aliiona shingo ya mjomba wake, ile shingo nene aliyokuwa akipandishwa juu yake alipokuwa mtoto. Akageuka, akaenda kwa Mwalimu Muhidini, akamwambia yote.

Mwalimu hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Mwinjuma zaidi. Alikaa kitako kizingitini, kofia mkononi, midomo imemkauka.

"Karatasi ile niliisifu mimi," alisema. "Nami naweza kuning'inia pembeni ya mjomba wako." Kisha akauliza, "Sadallah alikwambia, au hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Alikwenda, au hakwenda?"

"Hakwenda! Mjomba ni mtu wa dini, hawezi..."

"Ebo! Nimekuuliza unajua, au unataka iwe hivyo?"

Mwinjuma alifikiri. Mjomba alikuwa akipotea majuma na majuma kwa kazi ya boriti. "Sijui," alisema.

"Basi kaseme unalolijua. Usizidishe neno, umenisikia? Ulizidisha, tazama tulipofika." Akamsindikiza mpaka karibu na lango la boma, na hapo miguu ya Mwalimu ikakataa. Mwinjuma akaingia peke yake.

Bwana mkubwa alikuwa mezani, karatasi ya Mwinjuma mbele yake. Sadallah alisimama ukutani, mnyororo shingoni, ndevu zimejaa vumbi. Alipomwona mpwa wake alishtuka, akadhani naye kakamatwa.

"Bwana, karatasi hiyo niliandika mimi," Mwinjuma alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mjomba hakuniambia maneno hayo. Jina lake nililitia mwenyewe, nisifiwe."

"Alikwambia nani?"

"Wapagazi, sokoni. Majina yao sikuuliza."

Mzungu akausogeza msahafu uliokuwapo mezani kwa kuapishia watu. "Apa, mjomba wako hakwenda Ngarambe. Apa, nitamfungua."

Jamani! Mlango ulikuwa wazi, neno moja tu limebaki. Mwinjuma alimtazama mjomba wake. Sadallah alikuwa ametazama chini. Kijana alitaka kuapa, alitaka kwa roho yake yote. Akaunyosha mkono, akaurudisha.

"Siwezi, bwana. Hilo silijui. Ninalolijua ni kwamba hakuniambia."

Alijua amemuua. Akaketi sakafuni mbele ya Mzungu, na askari akampiga teke asimame. Bwana mkubwa akasema na karani wake kwa lugha yao, kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Kila ndugu aliyekuja hapa ameapa," alisema. "Wote. Wewe tu hukuapa." Akaichana karatasi. "Nakusadiki kwamba hakukwambia; ushahidi huu haufai. Mzee aende. Wewe hamsa ishirini, na skuli basi."

Hamsa ishirini za kiboko, yaani ishirini na tano, aliyepigwa ndiye anayejua ni ngapi. Walimbeba wenzake mpaka kwao, wakamlaza kifudifudi mkekani. Mama yake, ambaye sasa alijua mkono ulikuwa wa nani, alimlilia na kumlaani kwa pumzi moja, kisha akaenda kwa jirani kutafuta mafuta ya nazi. Sadallah akaingia, akachuchumaa kichwani pake.

"Mpwa wangu, kwa nini hukuapa?"

"Sikujua, mjomba. Nisamehe."

Sadallah alichungulia nje, akarudi, akainama mpaka ndevu zikamgusa kijana sikioni.

"Nilikwenda," alisema.

Mwinjuma alisahau mgongo wake, akatamani kuinuka, akashindwa.

"Nilikwenda, nikanyunyiziwa kama wenzangu. Hajui hata mke wangu. Na ile karatasi yako walinisomea pale bomani. Siyo, mwanangu. Umekosea njia, umekosea dawa, na mganga hakusema hivyo hata kidogo. Mimi nilikuwapo, niliyasikia kwa masikio yangu." Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kubeba mzigo peke yake. "Nikwambie alivyosema?"

"Usiniambie!" Mwinjuma alianza kulia, uso ameuzamisha mkekani. "Mjomba, nakuomba, usiniambie. Hilo moja ulilonipa linatosha kutuua. Wakiniita tena pale, nitasema."

Sadallah alifumba mdomo. Alikaa hivyohivyo, mkono wake juu ya kichwa cha mpwa wake, mpaka Mwanahawa aliporudi na mafuta.