Tonge la Posa Kwenye Kifuko cha Barafu

Mpaka leo nikienda Ziwani, kijijini kwa dada yangu, kuna watu hutazama kwanza mfuko wa kanzu yangu, halafu ndiyo hunisalimia. Siwalaumu. Mimi nimekaa Maskati miaka kumi na minne, nina diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi (nilijisomesha mwenyewe, sikubebwa na mtu), nina karakana yangu Chuno yenye mashine ya barafu ambayo wauza samaki wanaijua kuliko wanavyonijua mimi, nina nyumba Likombe niliyoichora mwenyewe kwenye daftari kabla fundi hajaigusa, na pamoja na hayo yote siku moja nilisimama barazani kwa dada yangu, mbele ya wageni wasiopungua arobaini, kanzu nimeipandisha mpaka kifuani, kikongwe mmoja akinihesabia makovu ya tumbo kwa kidole. Aibu hiyo nimeibeba peke yangu vya kutosha, acha niwagawie.

Lazima nianzie kwenye unene. Niliporudi kutoka Uarabuni nilikuwa na kilo mia na arobaini na sita, na kwetu mtu akirudi na mwili wa namna hiyo hakuna anayemwambia akapime, wanasema Mungu kamfungulia, nami nikautembeza ule mwili kama cheo. Ndani nilijua mambo mengine. Nililala nimekaa kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Mke wangu Rehema ndiye aliyenifunga kamba za viatu. Siku niliyoshindwa kuingia nyuma ya jokofu la mteja kufungua kompresa, nikabaki sakafuni nahema, mteja akaniletea maji na kuniuliza kwa adabu kabisa kama amtafute fundi mwingine, siku hiyo nikaamua. Nikaenda hospitali moja Dar, wakanifanyia upasuaji wa kupunguza tumbo. Wanakata sehemu kubwa wanaitoa, wanakuachia kipande chembamba kama ndizi. Hapa Mtwara niliaga kwamba nakwenda kozi fupi ya gesi za majokofu. Rehema peke yake ndiye aliyejua.

Basi kilo zikaanza kudondoka na maneno yakaanza kupanda. Wengine walisema sukari, wengine walisema ule ugonjwa ambao watu hawautaji kwa jina, wengine walisema biashara imekufa. Ningeweza kusema ukweli na mambo yakaisha, lakini kila nilichonacho nilikipata kwa jasho, na niliona kama nikikiri kwamba unene wangu uliondolewa na daktari nikiwa usingizini, watu watasema na diploma nayo alipewa usingizini. Kwa hiyo nikawaambia ni nidhamu. Nikawaambia naamka alfajiri nakimbia mpaka Shangani na kurudi (nilikuwa natembea, tena robo ya njia, nikikaa kila penye ukuta). Wakaniamini, na mimi nikaanza kufundisha.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa dada yangu Somoe, mdogo wangu anayenifuata, mnene kama nilivyokuwa mimi, magoti yanamuuma. Alinipigia simu kila asubuhi. "Kaka, jana nimekula muhogo kipande kimoja tu, lakini usiku nikashindwa nikaamka kula." Nami, mtu niliyekatwa tumbo, nilimjibu hivi: "Somoe, tatizo lako huna msimamo. Njaa ni mawazo tu. Kaza." Alikaza miezi mitano. Akapungua kidogo, akarudi, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi.

Ndipo ikaja posa ya mwanawe Zainabu. Aliyemtaka ni Yusufu, mwalimu wa shule ya msingi, watu wa Mikindani, wanapendana tangu chuoni na hilo lilikuwa linaonekana hata kwa kipofu. Sasa katika ukoo wetu baba anaweza kusema yote lakini neno la mwisho la posa ni la mjomba, na mjomba halisemi kwa mdomo tu. Anakaa sinia moja na mjomba wa mwanamume, wawili peke yao, wanakula mpaka chini ya sinia kuonekane. Chakula kikibaki, kuna neno limebaki, na wageni wana haki ya kuchukua kofia zao wakaondoka na posa yao. Bibi yetu alitufundisha hivyo na hakuna aliyewahi kujaribu kubisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nashiba kwa vijiko vinne. Kula na tumbo hili ni kazi ya fundi saa: unatafuna mpaka chakula kinakuwa uji, unameza, unasubiri, maji hunywi pamoja na chakula, na ukizidisha tonge moja kifua kinabana kama umemeza ngumi, mate yanajaa, jasho linakutoka, halafu kinachofuata hakitajwi mbele za watu. Nilikuwa na siku nne nzima za kumpigia Somoe nimwambie. Badala yake, asubuhi ya siku yenyewe nilichukua karakanani vifuko viwili vya nailoni, vile vya kufungia barafu, nikavipachika ndani ya mfuko wa kulia wa kanzu, kimoja ndani ya kingine, midomo imekunjwa vizuri. Uamuzi wenyewe ni huo, mdogo kiasi hicho. Rehema aliniona.

"Unakwenda kujibu posa au kuuza barafu?"

"Ni tahadhari."

"Tahadhari ni kumwambia dada yako," akasema, akaendelea kujifunga ushungi.

Tulifika Ziwani baada ya adhuhuri. Wageni wamejaa baraza, wanawake ndani wanapishana na vyungu, Zainabu amefichwa chumbani lakini pazia linatikisika. Mjomba wa Yusufu anaitwa Bwana Mfaume, fundi cherehani wa makamo, mpole, mwenye kutazama mikono ya mtu (ni kazi yake, wanaume wa cherehani hawatazami nyuso). Tukasalimiana, tukasomewa dua fupi, likaja sinia. Somoe alikuwa amenipendelea. Mlima wa ugali wa muhogo, na kuku wa kienyeji wa nazi, mzima. Ugali wa muhogo, kwa tumbo kama langu, ni sawa na kumimina zege kwenye mpira wa maji.

Tonge la kwanza lilishuka. La pili likasimama njiani likifikiri. La tatu nililimeza kwa heshima ya ukoo na hapo kifua kikafunga, macho yakajaa maji, nikajifanya nakohoa. Bwana Mfaume akanitazama mikono.

"Pilipili?"

"Imenipalia," nikasema.

Kuanzia hapo nikawa mwizi. Nilikuwa nakata tonge, nalichovya, nalipeleka mdomoni, halafu namwonyesha Bwana Mfaume kitu. Tazama kenchi zile za paa, zimepigwa na fundi asiyejua hesabu. Yeye anainua macho, mkono wangu unashuka mfukoni. Tazama ule waya wa umeme, sisi Maskati tusingeuacha vile. Anainua macho, tonge linashuka. Nilimwonyesha dari, mlango, mkorosho wa jirani, na kila nilipomwonyesha kitu nilikisifu au kukiponda kwa elimu yangu, hata akaniambia, "Ndugu yangu, unakula kama anayekimbia mvua, na bado unapata nafasi ya kukagua nyumba." Nikacheka. Paja la kuku nalo likaenda. Mfuko ukawa na joto linaloniunguza paja langu mwenyewe.

Chini ya sinia kukaonekana. Wanawake wakapiga vigelegele, nikasikia sauti ya Somoe ikiongoza, na sitadanganya, nilijisikia mtu mkubwa.

Tukasimama kwa dua. Watu wote mikono juu, macho chini, na hapo ndipo paka wa Somoe, yule wa madoa, ambaye tangu mwanzo alikuwa amelala kando ya mkeka akinichunguza kuliko Bwana Mfaume, akaja akasimama kwa miguu miwili akanishika kanzu. Nikamsukuma kwa goti. Akarudi. Nikamsukuma tena, na yeye akatoa kucha zote akaning'inia mfukoni kama mtoto anayedai pipi. Vifuko vya barafu vimetengenezwa kubeba barafu, havikutengenezwa kwa paka. Nilisikia vikichanika, nikasikia mfuko wenyewe ukifuata, kisha nikahisi uvuguvugu ukishuka mguuni, na ugali wa posa ukaanguka vipande vipande juu ya miguu ya Bwana Mfaume, mwisho kabisa likatoka paja la kuku. Paka akalichukua akaondoka nalo bila haraka.

Aliyekuwa anaomba dua alikatiza katikati.

Bwana Mfaume alivitazama vile vipande. "Mwenzangu," akasema taratibu, "hiki chakula ulikuwa unakipeleka wapi?"

Mtanielewa kama ni watu wa kwetu. Chakula cha sinia ya posa, kimefichwa, kinatolewa nje ya nyumba kwa siri na mjomba wa mwali. Hakuna anayeficha kitu kama hicho kwa wema. Nikasikia mtu nyuma akisema "kwa mganga," na mwingine akimwambia anyamaze lakini siyo kwa kumpinga.

Hapo ningeweza bado kusema ukweli. Nikasema, "Nilikuwa nampelekea mbwa wangu. Yule wa karakanani."

Sijui uongo huo ulitoka wapi. Bibi yake Yusufu, kikongwe mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akauliza kwa sauti ndogo, "Mbwa?" Akageuka kwa watu wake. "Neno la mjukuu wangu linaliwa na mbwa Chuno. Nyanyukeni."

Wakanyanyuka. Bwana Mfaume akakung'uta miguu, akavaa kofia. "Chakula tumeshukuru. Sisi tunakwenda." Yusufu mwenyewe alibaki amekaa, hajui asimame na ukoo wake au abaki na moyo wake, na ndani vigelegele vilikuwa vimekufa kabisa.

Pazia likafunguka. Mwali hatakiwi kutoka siku ile, lakini Zainabu alitoka, kanga kichwani, macho mekundu, akanijia mpaka karibu.

"Mjomba," akasema, "kama humtaki Yusufu niambie mimi. Usinifanyie hivi."

Nimewahi kupigwa shoti na umeme wa viwandani. Haikuniuma vile.

"Namtaka," nikasema. "Sina tumbo, mwanangu."

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo nikaeleza, yote, hospitali, ndizi, vijiko vinne, kozi ya gesi ambayo haikuwepo. Nilipoona wengine bado wananitazama kama muuza dawa, nikapandisha kanzu (suruali nilikuwa nayo, namshukuru Rehema). Bibi akasogea, akarekebisha miwani, akanigusa makovu moja moja. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Waliingilia kwenye vitundu hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Wakakutoa tumbo."

"Sehemu, bibi."

"Na wewe uliwaomba?"

"Niliwaomba."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Basi ungetuambia tukupikie uji," akasema. Mtu mmoja akacheka, halafu baraza nzima, na mimi nikabaki nimeshika kanzu.

Lakini Bwana Mfaume hakucheka. Alisema neno bado halijaliwa. Akaagiza kisahani cha chai, akaweka tonge moja la ugali, dogo kama korosho mbili, akakiweka mbele yangu. "Kula kwa namna unavyokula. Tutakusubiri."

Wakanisubiri. Watu arobaini, mimi tumboni yale matonge matatu hayajashuka, natafuna, nasimama, nasubiri, nameza chembe, natafuna tena. Kitu ambacho nilikuwa nimekificha mwaka mzima, kwamba mimi nakula kama ndege, nilikifanya hadharani kwa muda ambao mtu angeweza kwenda kisimani na kurudi, bibi akihesabu kwa sauti kila nilipotafuna na kuwanyamazisha waliotaka kuzungumza. Kisahani kilipokuwa cheupe, Bwana Mfaume akanipa mkono wake. "Sasa umekula."

Posa ikapita. Zainabu na Yusufu wameoana, wako Mikindani, na simulizi ya paka huwa inatangulizwa kwa wageni kabla ya chai.

Ila kuna la jikoni. Siku ileile nilikwenda kumuaga Somoe nikamkuta ameinama anasugua sinia lile, hakuinua uso.

"Kaka, ile miezi mitano," akasema, "nililala na njaa nikijiona mimi ni mtu mbaya. Nilikuwa nalia, najiuliza kaka yangu Hamisi anaweza, kwa nini mimi nishindwe. Na wewe ulikuwa unanisikiliza."

Diploma haina jibu la hilo. Nikamwomba radhi, akasema sawa kwa namna ambayo siyo sawa.

Sasa mtu akiniuliza nilipunguaje, namwambia palepale, hata kama nimesimama kwenye ngazi na bisibisi mdomoni. Namwambia pia kwamba kisu kilinipa nafasi tu, na kwamba mpaka leo kuna siku nasikia harufu ya kuku wa nazi nahuzunika kama mtu aliyefiwa. Somoe nilimpeleka kwa daktari, goti lake linatibiwa, na mambo ya uzito wataongea wao wawili, mimi nimekatazwa kutoa mawaidha.

Nikienda kwake ananiandalia kwenye kile kisahani cha chai, bila neno, anakiweka mbele yangu halafu anakaa kunitazama mpaka nimalize. Nami namaliza. Kanzu ile iliyochanwa na paka niliishona mwenyewe, mfuko nikauziba.