Nani Kamuua Fundi Cherahani?

Kama hujawahi kupewa kitabu kilichofungwa kwa plasta ya hospitali, basi wewe hujapewa kitabu. Mie nimepewa mwezi uliopita, mjini Sur, huku Omani, kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yetu wa zamani. Bi harusi hata hajatoka ndani, jirani kanivuta mkono mpaka jikoni. "Chukua, mwanangu," akaniambia. "Macho yangu yamekwisha, na hiki ni chenu." Nilikijua kabla sijakigeuza. Nikakinusa palepale mbele ya wapishi: iliki, vumbi na dawa ya hospitali. Nikalia, nikacheka, nikawazuia watu kazi, na wali ukashika chini. Si kosa langu peke yangu.

Jirani huyo alikuwa nesi. Watu wake walitoka Burundi, sisi tulitoka Unguja, na sote tukajikuta Ibra, ukuta kwa ukuta. Mie nilikuwa na miaka tisa na kwangu Ibra ilikuwa raha tupu. Tukichovya miguu kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, mpaka vidole vinakunjamana, tukiokota tende zilizoanguka, tukifukuzwa, tukirudi. Kwa bibi yangu mambo yalikuwa mengine. Mji wa mababu wa mumewe alikuwa haujui hata kwa picha, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Jumatano akienda soko la wanawake, akifungua mdomo kuuliza kitambaa, wenziwe wanatabasamu. Akirudi hasemi tena mpaka Ijumaa. Mwisho akawa anakaa kaelekea ukuta, na sahani ya wali inarudi jikoni vilevile ilivyokwenda. Baba alijaribu samaki wa Sur, alijaribu nazi za Salala. "Ahsante, mwanangu," bibi anasema, basi. Tulikuwa tunampoteza naye yupo mbele ya macho yetu, na mie nilikuwa naogopa, sikufichi.

Alkhamisi moja baada ya alasiri nesi akaingia na kitabu kinene cha Kiingereza alichoachiwa na daktari mmoja aliyehama.

"Shikamoo, bibi. Nimechoka kusoma peke yangu, nimekuja kukusomea."

"Marahaba. Cha nini hicho?"

"Cha familia ya Mayahudi waliohama kwao. Halafu mmoja wao anauliwa."

Bibi akageuka kutoka ukutani. "Anauliwa na nani?"

Basi hapo ndipo raha yetu ilipoanzia. Nesi alikuwa anasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na bibi hakubali kuanza mpaka aambiwe "paukwa" naye aitike "pakawa". Humo mlikuwa na fundi cherahani, mkewe, watoto wao, na mama yake mzee aliyekataa katakata kuacha sufuria yake ya shaba. Wanapanda meli, wanafika mji wa baridi, wanafungua duka. Watoto wanaanza kusahau lugha ya nyumbani, unawauliza kwa hii wanakujibu kwa ile. Hapo bibi ananikodolea macho mie. "Mayahudi hawa," anasema, "mbona mambo yao kama yetu!"

Alkhamisi ya meli naikumbuka kuliko zote. Yule mama mzee alishikwa na homa katikati ya bahari. Bibi kashika kikombe cha kahawa, hanywi wala hakiweki chini. Nesi akamtazama. Akapiga funda la kahawa, akafunua ukurasa. "Asubuhi yake akaamka," akasema, "akaomba chai." "Alhamdulillahi!" bibi akapiga ukelele, na siku ile alikula haluwa mpaka akalamba kidole. Baba aliposikia alikwenda nyuma ya nyumba kufuta macho.

Kisha fundi akakutwa kafa juu ya cherahani yake, mkononi kashika kifungo cha koti, na mpelelezi akaanza kugonga milango. Hapo hakulaliki nyumbani kwetu. Nani kamuua? Bibi alimshuku kila mtu, hata mwenye nyumba. Na mie kichwani sina jingine.

Ndiyo maana nikaharibu. Skuli, mwalimu wetu wa dini, bibie wa mji wa Al Qabil, mpole lakini nyusi nzito, aliuliza kwa Kiarabu ni nani kahifadhi hadithi. Sasa wewe unajua, na mie siku hizi najua, kwamba ukiulizwa hivyo kwa Kiarabu darasani, hadithi ni maneno ya Mtume. Ngano ya kusimuliwa ina jina lake. Lakini sisi nyumbani hadithi ni hadithi! Nikanyoosha mkono mpaka bega likaniuma. "Mie, mwalimu! Fundi wa Kiyahudi kakutwa kafa, na mkononi kashika kifungo!"

Mwalimu akauliza taratibu, "Na hadithi hii umeipokea kwa nani?"

Nikajibu kwa fahari, "Kwa nesi wa hospitali."

Nilirudi nyumbani na barua ya mwalimu. Baba aliisoma mara mbili, akabadilika rangi, akasema hakisomwi kitu tena mpaka mambo haya yaishe. Alkhamisi ile bibi akarudi ukutani, na sahani ikarudi jikoni vilevile. Nililia mpaka kwikwi. Ulimi wangu mwenyewe, yarabi, ulimi wangu!

Jumamosi mwalimu akaja. Baba kabaki nje na kaka yake mwalimu. Ndani tumekaa wanawake, na mkalimani ni mie mhalifu. Bibi akamimina kahawa. "Mwambie mwalimu," akasema, "kwetu Unguja hadithi ni paukwa pakawa. Hatukumzulia Mtume maneno, hasha. Na mwambie, nikifa sijajua nani kamuua fundi, sitamsamehe huyu mjukuu wangu."

Nikatafsiri. Ikabidi nieleze na meli, na sufuria, na kifungo. Mwalimu kakaza uso, kakaza, mwisho mabega yakaanza kumcheza. Akajifunika uso kwa shela akacheka mpaka machozi. Akala tende, akafuta mikono.

"Zeen," akasema, "sawa sawa. Lakini nani kamuua?"

Tangu hapo kila Jumamosi ananivizia mlangoni mwa darasa: "Haya, wamempata?" Walimpata, na mpataji si mpelelezi. Ni yule mama mzee! Alimkaribisha mshirika wa mwanawe dukani kwa chakula, akaona kifungo kimoja cha koti lake kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mshono wa ovyo. "Mwanangu hashoni hivi," akasema. Bibi alisimama wima akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. "Nilijua! Mwanamke huyo ni mimi!" Tangu siku ile hakuingia mgeni kwetu asikaguliwe vifungo. Na soko la Jumatano akawa anauliza bei kwa sauti ya juu, acheke anayecheka.

Bibi hayupo tena. Nyumba ile ya Ibra imeanguka upande, na anayejua kuitika "pakawa" mtaani simwoni. Wanangu Kiswahili wanakisikia, wananijibu Kiarabu. Basi juzi nimekifungua kitabu nikisome mwenyewe, maana Kiingereza nilijifunza kwa sababu yake. Nikafika kwenye meli. Yule mama mzee kashikwa na homa. Nikafunua ukurasa.

Alikufa. Alikufa usiku uleule, wakamzika baharini, na sufuria yake ikabaki. Kitabu kizima kilichobaki hayumo. Kifungo anakiona mpelelezi.

Nikampigia simu jirani, nikamuuliza kwa nini. Akacheka kile kicheko chake kikubwa. "Sasa ningefanyaje, mwanangu? Bibi yako kashika kikombe, hanywi. Nikaona nikisema kafa, nitazika wawili. Baadaye ndio kazi, kila Alkhamisi namtafutia yule mama mzee maneno ya kusema!"

Alkhamisi iliyopita baada ya alasiri nikawakalisha wanangu. Wakanung'unika, wakakaa. Paukwa, nikawafundisha waitike. Tulipofika kwenye meli, mwanangu wa mwisho akaacha kutafuna tende, akanitazama. Nikapiga funda la kahawa, nikafunua ukurasa.

"Asubuhi yake akaamka," nikasema, "akaomba chai."