Homa ya Arua, Mazishi ya Kaya

Ombi langu la kibali cha ukaazi lilikuwa bado ofisini Arua, na afisa alinionya nisitoke Uganda kabla ya jibu. Mama akafariki Kaya, upande wa Sudan Kusini. Nikapitia Koboko, nikavuka mpaka kimyakimya.

Siku ya mazishi afisa akapiga simu. Nikajificha nyuma ya nyumba.

"Wewe iko wapi?"

"Mimi iko Arua, afande. Homa imenilaza." Nikakohoa kwa ustadi.

Nilisahau kwamba kwetu msibani waliotoka mbali hutajwa kwa kipaza sauti, nacho kilikuwa kimefungwa juu ya kichwa changu.

"Tunashukuru Wani," mchungaji akatangaza, "ametoka Arua, amevuka mpaka kuzika mama yake."

"Pole ya mama," afisa akasema. "Homa ikiisha, kuja ofisi."