Vigingi vya Mzee Anaeli

Watu wa mjini wana dharau moja ambayo mimi sijaizoea hata leo. Mtu akijenga ukuta watamsifu, akiezeka paa watamwita fundi, lakini akijenga karo la maji machafu watamkunjia pua kana kwamba yeye ndiye aliyelijaza. Elieshi aliijua dharau hiyo vizuri. Mwaka 1956 alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mwashi wa kutegemewa, akiishi chumba kimoja Magomeni na mkewe, Mama Kunda, na watoto wawili. Kila asubuhi alivuka bonde la Msimbazi kwa baiskeli kwenda kazini Kariakoo.

Alikuwa Mchaga wa Machame, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Wenzake walioteremka naye kutoka mlimani walikuwa wamekwisha kufungua maduka ya jumla, wanauza maharage na vitunguu kwa magunia. Yeye naye alijaribu vitunguu, akakaa navyo sokoni miezi minne, akashindwa. Mteja akimwuliza kama vimeoza kwa ndani, alikuwa akijibu ndiyo. Biashara haiendi hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiri.

Kwenye makaro ndiko alikopata riziki yake. Alikuwa amejenga makaro kwa miaka mitatu chini ya kontrakta mmoja aliyeitwa Ghanshyam, hadi mwaka huo wakubwa wa mji walipotangaza kwamba vyoo vya ndoo vitaondolewa polepole kwenye nyumba za maduka, na kwamba kuanzia Januari mtu asiye na cheti hataruhusiwa kujenga karo popote mjini. Ghanshyam alimwita pembeni akamweleza bila kumficha.

"Elieshi, ukipata cheti nakufanya msimamizi wa makaro yangu yote. Usipopata, itabidi nimchukue mwenye nacho. Sina ugomvi nawe, sheria ndivyo ilivyo."

Elieshi aliitikia kwa kichwa. Vitunguu vilikuwa vimemshinda, na hakuwa na kazi ya tatu.

Mafunzo yalichukua miezi mitano, Jumanne na Alhamisi alasiri, kwenye banda la mabati Gerezani, karibu mno na karakana za reli, hata mwalimu akawa anapaza sauti kushindana na nyundo. Mwalimu mwenyewe alikuwa Bwana Afya, jina lake Augustino, Mmakua wa Masasi, mtu wa kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi na soksi za kufika magotini. Alikuwa akiingia shimoni pamoja na wanafunzi wake tisa, akapima, akachokonoa, kisha akatoka na soksi zake nyeupe vilevile. Siri hiyo hakuwafundisha.

"Karo si shimo la kutupia," aliwaambia siku ya kwanza. "Karo ni nyumba ya vyumba viwili. Uchafu unaingia chumba cha kwanza, unatulia. Mzito unalala chini, mwepesi unaelea juu, na maji ya katikati yanapita chumba cha pili, halafu yanatoka kwenda kwenye shimo la kokoto, ardhi iyanywe. Ukiyaharakisha, yanatoka na uchafu wake. Ukiyachelewesha, yanarudi kwa mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba mwenyewe akiwa na haraka je, bwana?" aliuliza Bakili, Mrufiji aliyechimba visima na vyoo kwa miaka ishirini. Banda zima lilicheka, na Bwana Afya aligeukia ubao wa chaki ili wasimwone usoni.

Somo aliloling'ang'ania kuliko yote lilikuwa la mteremko wa bomba linalotoka chooni kwenda karoni. Bomba likilala mno, uchafu unakaa. Likiinama mno, maji yanakimbia na kuuacha uchafu njiani. Inchi moja kwa kila futi nne, isizidi, isipungue. Kwa hiyo kila mwanafunzi alitengeneza ubao wa futi nne uliopigiliwa kipande cha inchi moja chini ya ncha moja. Unauweka ubao juu ya vigingi, juu yake unaweka pima maji, na kitone cha hewa kikitulia katikati ya kioo, mteremko ni sawa. Elieshi aliupenda ubao ule kama mtoto apendavyo kipenga. Alipima kila kigingi mara mbili, hata Bakili akamwambia, "Mchaga wewe, siku moja utaupima hata uji wako kwa ubao huo."

Kumbe alikuwa na sababu, ingawa hakuwahi kuisema pale bandani. Kwao Machame, ukoo wao ulikuwa ukoo wa mifongo, ile mifereji inayoshusha maji ya mlimani hadi kwenye migomba. Baba yake, Mzee Anaeli, alikuwa ndiye anayeongoza mfongo, na alipima kwa jicho tu. Alisimama, akafumba jicho moja, akaonyesha kwa fimbo, na watu wakapiga vigingi. Mzee akishapitisha jicho, hakuna aliyepima tena nyuma yake. Kupima nyuma yake kulikuwa sawa na kumwita mwongo mbele ya watu, na faini yake ilikuwa mbuzi na debe la mbege, pombe ya ndizi. Elieshi hakurithi jicho hilo. Ndugu zake walimcheka tangu utotoni kwa kukosa jicho, na sasa amepata kichupa kinachomwambia ukweli bila kumcheka.

Mtihani ulikuwa kujenga karo zima peke yako, kwenye nyumba ya mtu, kwa wiki tatu. Elieshi alipangiwa nyumba ya Mama Jashoda, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Kariakoo. Alikuwa mama mpole ila katika jambo moja. Uani kwake palikuwa na kimti cha tulasi ndani ya kizimba cha matofali, mti wanaouheshimu na kuuwekea taa, na hakutaka bomba la choo lipite karibu yake, wala chini ya jiko.

"Fundi, zunguka," alisema. "Zunguka upande ule wote. Mbali ni sawa, karibu hapana."

Basi bomba lililopaswa kuwa na urefu wa futi ishirini likawa futi arobaini na nane, na kona moja nyuma ya jiko. Elieshi hakunung'unika. Alijenga karo kwanza, akalipiga lipu ya sementi ndani, akalijaza maji na kuliacha siku mbili, likashika bila kupungua hata ukucha. Tundu la kuingizia bomba alilitoboa kwa kipimo, futi moja kamili chini ya usawa wa choo. Zilibaki siku sita, na kazi iliyobaki ilikuwa bomba.

Ndipo Mzee Anaeli alipowasili. Alikuwa amesafiri kwa basi siku mbili, na mkungu wa ndizi magotini, aje kumwona mjukuu wake wa pili. Asubuhi yake akataka pia kuona kazi ya mwanawe. Mama Jashoda alimpa kigoda na chai ya maziwa, na mzee akakaa, kofia magotini, akimtazama Elieshi aliyekuwa amelala kifudifudi mtaroni akichungulia kioo.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza.

"Natafuta mteremko, baba."

"Ndani ya chupa?" Mzee alicheka hadi akashika mbavu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa baba aliyemkuta mwanawe katika kazi anayoifahamu, akafurahi kupita kiasi. "Mjukuu wa watu wa mfongo anaiuliza chupa njia ya maji! Hebu sogea."

Elieshi alisogea. Mzee alisimama kwenye choo, akafumba jicho moja, akaonyesha kwa fimbo, akavipiga vigingi mwenyewe kimoja baada ya kingine, jasho likimtoka na uso ukiwaka kwa raha. Sasa, jicho lile lilikuwa limezaliwa na kuzeekea mlimani, ambako mteremko usioonekana si mteremko. Uwanja wa Kariakoo ni tambarare kama sinia, na mzee aliuona kama umekufa. Kwa hiyo aliuinamisha mtaro vizuri, uonekane, akaumaliza na kuupita ule mshuko wa futi nzima kabla hata ya kufika kwenye kona. Kutoka kwenye kona hadi karoni akavileta vigingi kwenye tundu, na jicho likamwambia vinashuka. Ukweli ni kwamba vilikuwa vinapanda.

Elieshi aliona kitu. Alipofika nyuma ya jiko kulaza bomba, alihisi mkononi kwamba bomba haliinami kuelekea karoni. Ubao wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, hatua tatu tu kutoka pale. Alimtazama baba yake anavyoifurahia chai yake, akauacha ubao pale pale. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Elieshi alisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Siku ya ukaguzi Bwana Afya alikuja na saa yake ya mfukoni. Alilikagua karo, akalisifu. Kisha akamwaga ndoo mbili za maji chooni, akaenda kusimama kwenye tundu la karo, akasubiri. Kilitoka kijitiririko kama cha birika linalokwisha. Alirudi hadi kwenye kona, akainua kifuniko cha kishimo cha ukaguzi, akakuta maji yametulia humo, yamejaa, hayana safari.

"Vigingi hivi nani alivipiga?" aliuliza.

Mzee Anaeli alikuwa pale pale kwenye kigoda chake, na Kiswahili alikijua vizuri. Elieshi hakumtazama.

"Mimi, bwana."

"Wewe? Wewe unayepima mara mbili mbili?"

"Mimi."

"Kwa ubao?"

"Kwa jicho."

Bwana Afya alimtazama Elieshi, akautazama ubao ukutani, akamtupia mzee macho mara moja, kisha akatoa kalamu. "Umeshindwa," alisema kwa sauti ya taratibu. "Una nafasi moja ya kurudia, siku kumi na nne. Ya pili hakuna." Aliandika, akamwamkia mzee shikamoo, akaondoka.

Walirudi Magomeni kwa miguu, mzee akiwa na kofia mkononi. Elieshi alikokota baiskeli pembeni yake. Alihuzunika kwa ajili ya cheti, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba baba yake alikuwa ameona maji yamesimama, na mwanawe akayasitiri kwa uongo ambao hata mtoto angeujua. Labda kusitiriwa vile kulikuwa tusi kubwa kuliko kupimwa. Mzee alikula kidogo, akambeba mjukuu, akalala mapema.

Kulipokucha hakuwapo. Mama Kunda alisema ameondoka alfajiri kwa miguu, na kofia yake, akiuliza njia ya kwenda Kariakoo, na stendi ya basi la Moshi ilikuwa huko huko. Elieshi hakunywa hata chai. Aliipiga baiskeli kwelikweli, akafika stendi, akachungulia basi moja hadi jingine, hakumwona. Ikambidi aende kazini, kuutazama ule mtaro.

Hapa nisimweke msomaji roho juu: cheti alikipata. Bwana Afya alirudi siku ya kumi na mbili, akamwaga ndoo zake mbili, maji yakafika karoni kabla hajafungua vizuri kifuniko cha saa, na Ghanshyam alitimiza ahadi yake. Lakini Elieshi alipozeeka na kuulizwa juu ya cheti kile, hakusimulia siku hiyo. Alisimulia asubuhi ile.

Alimkuta baba yake uani kwa Mama Jashoda, miguu peku, suruali imekunjwa. Alikuwa ameyatoa mabomba yote mtaroni moja moja, akayapanga ukutani bila kuvunja hata moja, na vigingi vyake vyote alikuwa ameving'oa na kuvirundika chini. Mama Jashoda alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha pili cha chai.

"Alinigongea kabla ya jua," alisema. "Mimi nilimwambia, mzee, pumzika. Hataki."

"Shikamoo, baba," alisema Elieshi.

"Marahaba." Mzee alijifuta mikono kwenye suruali. "Jana uliulizwa mbele ya watu vigingi hivi ni vya nani, ukasema ni vyako. Ulisema, au hukusema?"

"Nilisema, baba."

"Kwetu mtu akisema mfongo ni wake mbele ya watu, basi ndiye anayeuongoza. Wengine wanashika nyundo." Alienda ukutani, akauchukua ubao wa futi nne na pima maji juu yake, akamletea kwa mikono miwili. Kisha akaokota kigingi cha kwanza na nyundo, akapiga magoti mtaroni. "Haya. Pima."

Elieshi alikilaza kichwa chake chini, shavu likagusa mchanga, akaweka ubao.

"Hapa?" aliuliza mzee.

"Chini kidogo, baba."

Nyundo iligonga.

"Hapa?"

"Bado. Chini kidogo."

Nyundo iligonga tena, polepole zaidi. Elieshi alichungulia kioo, lakini kitone cha hewa kilikuwa kimepotea, na kioo chote kilikuwa maji matupu, maana machozi yalikuwa yamemjaa. Hakuthubutu kuyafuta. Baba yake alingoja, nyundo juu, kichwa kimeinama, bila hata kukitazama kigingi.

"Sema basi, fundi," alisema mzee. "Mkono unachoka."