Mashine Iliyoruka Matangazo

Televisheni ya nyumba hii ni moja, na inakaa chumbani kwa mama. Hiyo ndiyo sheria aliyoiweka fundi wa televisheni ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, wiki ile mama yake aliporudi kutoka hospitalini, kiharusi kimempoozesha upande wote wa kulia na kumwachia maneno yasiyozidi kumi. Anayetaka kutazama kitu, akatazame kwa Bibi. Asiyetaka, akalale.

Waya alitaka tu mama yake asikae peke yake. Hakujua kwamba sheria hiyo ilikuwa ikifanya kazi nyingine, kubwa zaidi. Muuguzi wa zahanati aliwaonya kwamba mgonjwa asiyejiweza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya mgongo hufa na kufanya vidonda. Walimsikiliza wote, wakaitikia kwa vichwa, na hakuna aliyeandika ratiba. Mke wa Waya alipika katika shule, alfajiri hadi alasiri. Binti yao alikuwa akisomea ushonaji na kurudi adhuhuri. Shemeji yake Waya, kaka wa mke, aliyeishi nao, alilinda ghala kwa zamu. Ratiba yao ikawa matangazo ya biashara. Sabuni ikianza kusifiwa, wawili wanainuka, mmoja mabegani, mmoja nyongani. "Haya Bibi, sasa tunatazama dirishani." Wanamviringisha, wanamwekea mto katikati ya magoti, wa tatu anamnywesha maji kwa mrija. Taarifa ya habari ikirudi, kila mtu yuko kitini pake. Kwa miaka miwili Bibi hakuchubuka hata mahali pa ukubwa wa ukucha.

Sheria hiyo ilikuwa na kero zake, na aliyezisema zaidi ni shemeji, kwa sababu zamu zilimnyima mpira na siku za mapumziko binti alimpokonya rimoti.

"Shemeji, wewe ni fundi kweli au unatupiga porojo?" alisema jioni moja. "Nyumba ya fundi ina kioo kimoja kama kituo cha polisi."

"Mjomba, mpira si utasimuliwa na redio?" binti alimjibu bila kugeuka.

"Na hao wachumba wako wa tamthilia wanaolia kila siku, hawawezi kukusimulia kwa redio?"

Bibi alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki. Waya hakucheka. Neno la kituo cha polisi lilimkaa rohoni.

Jumapili iliyofuata alileta kutoka karakana yake kompyuta kuukuu ya ofisi, ambayo mteja aliyeileta aliitelekeza. Akaipachika diski kubwa na kadi ya kunasa chaneli. Akapanda darini, akatambaa kwa tumbo, akapitisha nyaya juu ya vyumba vyote, akatoboa kuta, na kila chumba akakipa kioo alichokifufua kwa mkono wake. Kazi ilimchukua Jumapili tatu. Mashine ilirekodi chochote ilichoagizwa, na mtu aliweza kuanza mchezo sebuleni akaumalizia kitandani. Lakini kilichomvimbisha kichwa hasa ni programu aliyoipakua mtandaoni, akaichezea hadi ikatii: ilitambua pale matangazo yanapoanza na pale yanapokwisha, ikayakata yote.

"Sabuni haitatusumbua tena humu," alisema, akiwaonyesha taarifa ya habari ya saa nzima imekwisha kwa dakika arobaini.

"Na Bibi?" mke wake aliuliza.

"Tamthilia zake zote nimezipanga zifuatane. Hana haja hata ya kubonyeza."

"Nauliza kumgeuza, baba watoto."

"Tutamgeuza kama siku zote. Kwani televisheni ndiyo inayomgeuza?"

Shemeji aliangua kicheko. Mke naye akatabasamu, kwa kuwa jibu lilikuwa na akili.

Siku nne za kwanza walijitahidi. Baada ya hapo kila mmoja alikaa chumbani kwake na kioo chake, na kumgeuza Bibi kukawa kazi ya aliye karibu, na aliye karibu akawa daima ni mwingine. Mke aliita kutoka jikoni, "Bibi kageuzwa?" Binti, visikizi masikioni, akajibu, "Mjomba yupo." Mjomba akasema amesikia mtu akizungumza naye muda si mrefu. Aliyesikika alikuwa mwigizaji. Waya, ambaye zamani alimgeuza mama yake kila kipindi cha mwisho kilipokwisha, sasa alitazama kipindi hicho amelala kitandani, na usingizi ukamchukua humo humo.

Chakula Bibi alipelekewa mara tatu kwa siku, kwa kuwa chakula kina saa yake. Aliogeshwa pia, asubuhi, mbiombio, kabla mke hajaenda jikoni mwa shule. Wiki ya pili mke aliona wekundu chini ya kiuno, akadhani ni joto, akapaka poda, na kwa haraka za asubuhi zilizofuata akawa anamwosha upande wa mbele tu.

Alasiri moja Waya alipita mlangoni kwa mama yake akiwa na bisibisi, akielekea kurekebisha picha kwa shemeji. Mama aliinua mkono wa kushoto.

"Njoo," alisema. Lilikuwa mojawapo ya yale maneno kumi.

"Nakuja, mama."

Chumba kilikuwa na mwanga, watu wakicheka ndani ya kioo, na Waya alijisikia ametimiza wajibu wake. Kwa shemeji alikaa hadi mpira ukaisha. Hakurudi.

Muuguzi alifika wiki ya nne, katika mzunguko wake wa kawaida. Alisimama kizingitini akavuta pumzi, akaomba glavu. Alipomlaza Bibi ubavu na kufunua shuka, mke wa Waya alitoka nje. Kidonda kilikuwa kimeingia hadi mfupa.

"Nani anamgeuza?" muuguzi aliuliza.

"Sote," shemeji alijibu.

"Sote ndiyo nani?"

Muuguzi akamgeukia Waya. "Mara ya mwisho kugeuzwa ni lini?"

Waya alimtazama mkewe aliyekuwa amerudi mlangoni, mkewe akamtazama binti, binti akatazama sakafu.

"Miaka miwili nimekuja hapa, sijaona hata alama," muuguzi alisema. "Mlikuwa mnamgeuza saa ngapi?"

"Kwenye matangazo," binti alisema.

Muuguzi hakuelewa. Waya alielewa, akaketi chini palepale, mgongo ukutani.

Siku hiyohiyo Bibi alirudishwa hospitalini. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Waya alikaa naye siku kumi na moja, akimgeuza kwa saa yake ya mkononi bila kupitiliza hata mara moja, wala kukubali kupokewa na mtu. Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, mama alikata roho.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mzima na kiharusi hakikuwa kimerudi. Alikufa kwa kidonda cha kulalia, katika nyumba yenye watu wazima wanne wanaompenda.