Kibao cha Shaba Mtaa wa Dengfeng

Nilisoma Guangzhou mpaka nikapata diploma, nikarudi Dar es Salaam na kufungua duka bila senti ya mjomba. Kwa hiyo niliporudi huko China kufuata mzigo, nikakuta wafanyabiashara wenzangu wanataka kumuenzi marehemu mwimbaji wetu, kazi ya kuandika kibao cha ukumbusho walinipa mimi. Kichina chao wao ni cha kuuliza bei.

Marehemu ndiye mwanamke wa kwanza wa kwetu kuimba bluzi pale Xiaobei, eneo la Waafrika mjini humo, tena kwa Kiswahili, watu mgahawani wakiacha wali upoe. Alifia chumbani kwake, mtaa wa Dengfeng. Binti yake alibaki humo na cherehani, akipunguza suruali za wateja.

"Kaka, andika Kiswahili tu," aliniomba. "Mama mwenye nyumba nilimwambia mama alifia hospitali. Akijua ukweli, sina chumba."

"Historia haiandikwi kwa kumwogopa mwenye nyumba."

"Anayelala humo ni mimi."

"Dada, wewe shona. Kusoma tuachie tuliosoma."

Watu walicheka. Hata yeye alijaribu.

Kibao kilipendeza: shaba, picha yake, na Kichina kisicho na kosa hata moja. Hapa aliishi, hapa aliimba, hapa alifariki. Tulikipigilia mlangoni, tukasoma dua, tukala pilau kwenye ngazi.

Kesho yake mama mwenye nyumba alikuja, wapangaji wawili nyuma yake wakimshinikiza. Kule China chumba alichofia mtu hakipati mpangaji. Hata majirani huhama. Nilimweleza heshima ya msanii kwa Kichina changu safi. Kila nilipovuta pumzi alijibu, "Meiyou," yaani hakuna. Jioni kitasa kilikuwa kimebadilishwa, cherehani na kibao viko nje, sakafuni.

Binti aliniita jina wanaloitwa matajiri wa viwandani. "Laoban, mama umemsomea. Na mimi nisomee basi pa kulala."

"Kibao ni cha jamii nzima," nilimjibu. "Chumba kilikuwa chako peke yako. Mimi mji huu nilianza bila godoro, na sikumlilia mtu."

"Ndiyo maana hujui kulia."

Alijitwisha cherehani, akaenda Kangle, kwenye karakana ya nguo ambako washonaji hulala chini ya meza zao. Kabla hajaondoka nilimwambia achukue na kibao. Alikiruka, akateremka ngazi.